Shirika na chuo kikuu vinapokuja pamoja: nani hufanya nini, na haki yako ni ipi

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwishoni mwa Januari 2025, kuna maswali yasiyokwisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, na hata hapa Kampala kwenye mitaa wanakoishi ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi. La kwanza: kama shirika limefunga ofisi na kung'oa kibao chake barabarani, mbona watu wa chuo kikuu bado wanapita nyumba kwa nyumba na tableti zao? La pili linauma zaidi: nilikaa nao saa nzima, nikajibu kila kitu, nikaweka na kidole, mbona jina langu halimo kwenye orodha? Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipowaondoa watu wapatao milioni moja kwenye mgao wa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha, swali hilo la pili likawa zito mno. Na ni rahisi hasira yake imwangukie kijana mwenye tableti, ambaye hana uamuzi wowote kuhusu mahindi wala mafuta.

Mkanganyiko huu una chanzo kinachoeleweka. Shirika la hisani na chuo kikuu vinapoungana kusaidia jamii, huwa kuna kazi tatu zinazofanyika kwa wakati mmoja: huduma, utafiti na mafunzo. Ukizitazama ukiwa mlangoni kwako, zote zinafanana. Gari jeupe lenye nembo nyingi, vijana wenye vitambulisho shingoni, fomu, mkutano chini ya mti. Lakini kila kazi ina mwenyewe, ina fedha zake na kanuni zake, na haki yako katika moja haifanani na haki yako katika nyingine. Ukijua ni ipi imekufikia, utajua uulize nini na utarajie nini.

Tuanze na majina

Shirika lisilo la kiserikali huundwa na watu binafsi kwa ajili ya kuhudumia umma, na waanzilishi wake hawagawani faida. Mashirika ya hisani yamo humo, yawe ya dini au yasiwe. Uganda inayasimamia kwa sheria ya mwaka 2016. Usajili wake ulikuwa mikononi mwa ofisi maalumu, na tangu marekebisho ya 2024 kazi hiyo imeingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wengi hawajui kwamba cheti cha Kampala peke yake hakitoshi. Sheria inalitaka shirika lipate kibali cha kamati ya wilaya inayofuatilia mashirika pamoja na kibali cha serikali ya mtaa ya mahali linapokwenda, kisha litie saini hati ya maelewano na serikali hiyo. Kwa hiyo mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, akiuliza wageni, "Wilaya inawajua?", asionekane mkorofi. Swali lake lina nguvu ya sheria nyuma yake.

Kikundi cha kijamii, kile tunachokiita CBO, ni mdogo wake shirika: akina mama wa kushona, vijana wa kupanda miti, wakimbizi waliojikusanya kufundishana lugha. Nacho husajiliwa, na eneo lake la kazi ni dogo. WFP na UNHCR, lile la kuhudumia wakimbizi, haviingii katika kundi hili hata kidogo. Hivyo ni vyombo vya Umoja wa Mataifa. OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, ni serikali yenyewe, na ndiyo inayosimamia makazi ya wakimbizi.

Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Makerere kilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi. Mbarara kilianzishwa 1989, Gulu 2002, na huko kaskazini magharibi Arua ina Muni. Vyote hivi vina idara na walimu wanaoshirikiana na mashirika. Majengo yake makubwa yanaweza kumfanya mtu adhani chuo kina fedha za kugawa. Hakina. Fedha za mradi hutoka kwa mfadhili, ambaye anaweza kuwa serikali ya nchi nyingine, wakfu, kanisa, au serikali ya Uganda yenyewe, ambayo tangu 2019 imekuwa na mfuko wa utafiti na ubunifu kwa ajili ya Makerere.

Fikiria harusi. Kamati imekusanya michango, ikamleta mpishi na ikamleta mpiga picha. Wamefika kwa gari moja, wameingia kwa lango moja, wamepokewa na mwenyeji yuleyule. Mpishi kazi yake ni kuwalisha wageni. Mpiga picha kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya kilichotokea, ili hata wasiokuwepo wajue. Ukimwomba mpiga picha sahani ya pilau, hana. Ukikataa kupigwa picha, mpishi haruhusiwi kukunyima sahani yako. Na picha zikishatoka, una haki ya kuziona. Katika miradi tunayoizungumzia shirika ndilo mpishi, chuo kikuu ndicho mpiga picha, na mfadhili ndiye kamati.

Kwa nini wasije kila mmoja kivyake?

Kwa sababu kila mmoja amepungukiwa na kitu alicho nacho mwenzake. Shirika lina wahudumu, lina magari, linajua njia za kijijini na linajulikana na watu. Ila kupima kama huduma yake inaleta mabadiliko ya kweli, au inajaza ripoti tu, kunahitaji ujuzi na muda ambao wafanyakazi wake mara nyingi hawana. Chuo kikuu kina ujuzi huo, na kinakosa mlango wa kuingilia kijijini. Wafadhili nao wamezidi kudai ushahidi kabla ya kutoa fedha za awamu ya pili.

Mfano unaonisadikisha kuliko yote uko Rakai, wilaya ya kusini mwa Uganda. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini Uganda walionekana Kasensero, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, mwaka 1982. Watu wakauita ugonjwa huo Slim. Mwaka 1988 watafiti wa Makerere pamoja na wenzao wa serikali, na vyuo vikuu vya Columbia na Johns Hopkins vya Marekani, wakaanzisha mradi wa kufuatilia maambukizi katika vijiji vya wilaya hiyo. Kati ya 2003 na 2006 waliwaomba wanaume karibu 5,000 wakubali jambo gumu: kura ingeamua nani atahiriwe mara moja na nani asubiri miaka miwili. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana. Waliotahiriwa walikuwa wakipata maambukizi kwa kiwango cha karibu nusu ya wengine. Waliokuwa wakisubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Majaribio ya Kisumu nchini Kenya na Orange Farm nchini Afrika Kusini yalitoa jibu la aina hiyohiyo, na Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara ya hiari kama njia mojawapo ya kinga.

Nimeukalia mfano huu kwa makusudi. Wanaume wale hawakulipwa utajiri, na wengi wao majina yao hatutayajua kamwe. Hata hivyo kijana anayetahiriwa bure leo katika kituo cha afya, iwe Masaka au Mwanza, anafaidi majibu yao. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti: faida yake kubwa kwa kawaida huja baadaye, na huwafikia hata watu ambao hawakuulizwa swali lolote. Anayekuahidi kwamba utafiti wake utakujaza ghala mwezi huu, hasemi kweli.

Rakai inaonyesha pia kwa nini watu huchanganyikiwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipopatikana, mradi uleule wa utafiti ukawa pia mahali pa kutibiwa. Lango moja, kazi mbili. Kuna mifano mingine ya namna hiyo. Refugee Law Project, inayowapa wakimbizi msaada wa kisheria, ilizaliwa mwaka 1999 ndani ya Shule ya Sheria ya Makerere kama mradi wa kuihudumia jamii, na inafanya utafiti vilevile. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza pale Mulago, jijini Kampala, ni mali ya Makerere, lakini inaendeshwa kama shirika lisilo la kiserikali, inatibu wagonjwa, inafundisha madaktari na inatafiti. Kwa hiyo jina lililoandikwa ubaoni halitoshi kukuambia ni kazi gani inayofanyika chumbani. Inabidi kuuliza.

Mafunzo nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa hayana utata mwingi. Chuo Kikuu cha Mbarara kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wake wa tiba vijijini tangu miaka yake ya mwanzo, na Makerere ina mpango kama huo, COBES, tangu 2003. Wanafunzi hukaa katika vituo vya afya, hutembelea kaya, hujifunza magonjwa yanakoanzia. Hati ya haki za wagonjwa ya Uganda ya mwaka 2009 inampa mgonjwa haki ya kumjua anayemhudumia. Mwambie mwanafunzi ajitambulishe. Ukitaka mwalimu wake awepo, sema.

Tableti na orodha

Sasa tufike kwenye kiini. Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba kujibu maswali ni kujiandikisha. Inaeleweka ilikotoka. Mkimbizi anapofika Uganda, kila huduma huanza na maswali: jina, nchi, watoto wangapi, nani ana ulemavu. Kadi ya chakula ilitanguliwa na maswali, hema lilitanguliwa na maswali. Mtu aliyezoea hivyo kwa miaka kumi, akiona kalamu inaandika, atatarajia kitu kifuate.

Hapa tutofautishe mambo mawili yanayofanana sana kwa sura. Tathmini ni kazi ya shirika au chombo cha Umoja wa Mataifa kutaka kujua nani ana shida gani, ili lipange msaada. Majibu ya tathmini yanaweza kweli kubadilisha unachopata, na jina lako huhifadhiwa kwa sababu litatumika. Utafiti ni kazi ya kutafuta jibu la swali linalohusu watu wengi. Jina lako kwa kawaida huondolewa na kubadilishwa kuwa namba, na majibu yako huchanganywa na ya mamia ya wengine. Orodha ya chakula inaamuliwa na WFP, UNHCR na OPM. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Makerere hawezi kukuingiza humo, na hawezi kukutoa.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mgeni ni hili: hii ni tathmini ya msaada au ni utafiti? Likijibiwa kwa kuzungukazunguka, subiri kwanza.

Kama ni utafiti, kuna ngazi ambazo lazima zipandwe kabla mgeni hajafika kwako. Mpango mzima husomwa na kamati ya maadili ya utafiti. Makerere, Mbarara, Gulu na taasisi nyingine zina kamati hizo, na ndani yake hutakiwa kuwemo mtu wa kawaida anayesimama kwa niaba ya jamii. Kisha utafiti husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, lililoundwa 1990. Kama ni ndani ya makazi ya wakimbizi, OPM nayo hutoa ruhusa. Mtafiti halali hutembea na nakala za barua hizi, na hachukii kuzionyesha.

Baada ya hapo ndipo inakuja ridhaa, yaani kukubali kwako ukiwa umeelewa. Fomu ya ridhaa imekuwa ikichukuliwa kama kero ya kupitisha haraka ili maswali yaanze, na hilo linanisikitisha, kwa sababu fomu hiyo iliwekwa kwa ajili yako kuliko kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Inapaswa kuwa katika lugha unayoielewa. Inapaswa kusema utafiti unatafuta nini, utachukua muda gani, una hatari gani, una faida gani kwako au hauna kabisa, majibu yako yatawekwa wapi, na nani apigiwe simu ukiwa na lalamiko. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye upande wa watafiti, ndipo aweke kidole gumba. Mzazi hutoa ruhusa kwa ajili ya mtoto, na mtoto aliyefika umri wa kuelewa naye huulizwa kama anataka. Nakala moja ibaki kwako. Ukiambiwa nakala zimekwisha, waambie warudi nazo.

Na fomu hiyo inapaswa kusema jambo ambalo ningependa kila mtu alijue hata akisahau mengine yote: unaweza kukataa, au kuacha katikati, na huduma uliyokuwa ukipata haiguswi. Hofu ya kuondolewa kwenye orodha kwa sababu ya kusema hapana ni kubwa, na inawafanya watu wakubali kwa midomo huku mioyo imekataa. Shirika likitumia huduma zake kuwasukuma watu kwenye utafiti wa mshirika wake, limevunja kanuni, na kamati iliyotoa kibali ina kila sababu ya kuusimamisha.

Kuna pia uvumi wa damu. Kila utafiti wa afya unaochukua sampuli hukutana nao: wanachukua damu wakaiuze. Siwacheki wanaoogopa. Mtu akija na sindano, akaondoka na chupa na asirudi, utawaza nini? Utaratibu uko hivi. Sampuli ya utafiti haitolewi nje ya Uganda bila mkataba maalumu wa kuhamisha sampuli unaopitia UNCST, na fomu ya ridhaa lazima iseme kama sampuli yako itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Hilo huwa na kisanduku chake. Unaweza kukubali kupimwa leo na kukataa sampuli ihifadhiwe.

Fedha kidogo unazopewa mwisho wa mahojiano ni nauli na fidia ya muda wako. Haziwi nyingi, na kwa sababu nzuri: zikiwa nyingi mno, maskini atashindwa kukataa hata kama anaona hatari. Kiasi hicho kinatakiwa kiandikwe kwenye fomu, hivyo ukipewa pungufu utajua.

Mwaka 2019 Uganda ilipitisha pia sheria ya kulinda taarifa binafsi. Inambana yeyote anayekusanya taarifa zako, shirika, chuo au kampuni ya simu. Una haki ya kuuliza kilichohifadhiwa kukuhusu, na kutaka kisahihishwe kama kina makosa. Picha yako kwenye bango la shirika ni taarifa binafsi.

Hati ya maelewano na fedha

Picha za wakubwa wakishikana mikono na kubadilishana mafaili huonekana magazetini mara kwa mara: chuo fulani na shirika fulani wametia saini hati ya maelewano, MOU. Kijijini habari hiyo hufika ikiwa imekua: wametia saini mabilioni. Kwa kawaida hati ya maelewano haina fedha ndani yake. Ni ahadi ya kushirikiana, inasema nani atafanya nini na nani atamtambulisha nani. Fedha huja kwa mkataba mwingine, wa ruzuku, wenye bajeti, tarehe na masharti ya ripoti. Kuna hati za maelewano ambazo hazikuwahi kufuatwa na mkataba wowote, na kijiji kikabaki kinasubiri.

Ruzuku nayo husafiri. Mfadhili humpa mpokeaji mkuu, mara nyingi chuo kikuu au shirika kubwa la nje, naye humkatia sehemu mshirika wa Kampala, ambaye humkatia sehemu mshirika wa wilayani. Kila kituo kina mishahara, magari, ukaguzi wa hesabu. Mtu wa mwisho anaona semina ya siku mbili na soda, halafu anasikia redioni kwamba mradi ulikuwa wa shilingi bilioni kadhaa. Si kila tofauti hiyo ni wizi. Kulipa wauguzi miaka mitatu ni fedha nyingi, na ni huduma. Lakini si uchoyo kuuliza ni sehemu gani ya bajeti imefika wilayani, na mimi naamini kila mradi ungepaswa kuibandika hesabu hiyo kwenye ubao wa kituo cha afya.

Kuna hata jambo moja linalopingana na maneno ya mitaani kwamba vyuo vyetu ndivyo hula fedha zote. Kila ruzuku huwa na fungu la gharama za uendeshaji: umeme, intaneti, walinzi, wahasibu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, mfadhili mkubwa wa utafiti wa tiba duniani, kwa miaka mingi ziliweka kikomo cha asilimia 8 kwa taasisi zilizo nje ya Marekani, wakati baadhi ya vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vilikuwa vikipata zaidi ya asilimia 50. Utafiti unafanyika Uganda, hatari iko Uganda, majengo ya kudumisha yako Uganda. Ushirikiano wenye mgawanyo kama huo hauwezi kuitwa wa sawa kwa sawa, hata hati iwe na maneno matamu kiasi gani.

Mbona wengine wamebaki?

Turudi kwenye swali la shirika lililofunga na watafiti waliobaki. Mkataba wa huduma na mkataba wa utafiti huwa tofauti, na mara nyingi hata wafadhili wake ni tofauti. USAID, iliyofungwa rasmi Julai 2025, ilikuwa mlipaji mkubwa wa huduma: dawa, lishe, wahudumu wa afya. Utafiti unaweza kuwa umelipwa na wakfu wa Ulaya, au na mfuko wa serikali, au fedha zake zilishaingia benki kabla ya amri ya Marekani ya kusimamisha misaada. Hivyo mpishi ameondoka na mpiga picha bado yupo. Nao watafiti hawakusalimika: Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye mafungu yanayopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nje mpaka utaratibu mpya uwekwe, na njia hiyo ndiyo miradi mingi ya Uganda ilikuwa ikipitia.

Je, ni haki kuendelea kuwahoji watu kuhusu njaa wakati hakuna anayewaletea chakula? Ni swali zito. Kwa maoni yangu, inategemea majibu yanakwenda wapi. Bila mtu wa kupima madhara ya kukatwa kwa mgao, wanaofanya maamuzi watasema hapakuwa na madhara. Lakini mtafiti anayemkuta mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo hawezi kujaza namba na kuondoka. Mpango wake unatakiwa useme mapema mtoto huyo atapelekwa wapi, na kama kituo hicho kimefungwa, mpango huo hauna budi kurudi mbele ya kamati ukaandikwe upya.

Inawezekana pia jamii yenyewe kushika sehemu ya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipochunguza uchumi wa wakimbizi Kampala, Nakivale na Kyangwali, waliwafundisha wakimbizi wenyewe kukusanya takwimu. Ripoti ya mwaka 2014 ikaonyesha kwamba mkimbizi mmoja kati ya kila watano mjini Kampala alikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kwamba kati ya walioajiriwa, wanne kati ya kila kumi walikuwa raia wa Uganda. Matokeo kama hayo ni silaha mikononi mwa jamii, inapokwenda kuzungumza na wilaya kuhusu leseni na vibanda vya sokoni. Ila lazima yafike mikononi mwake kwanza, na hapo ndipo miradi mingi huanguka. Ripoti huchapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ya kitaalamu, na waliojibu hawasikii tena.

Kama unaongoza CBO, nguvu yako iko mwanzoni, wakati shirika au chuo kinahitaji barua yako ya kuwaunga mkono ili kiombe fedha. Huo ndio wakati wa kuuliza kikundi chenu kimetengewa nini katika bajeti, nani ataajiriwa kutoka hapa, na mkutano wa kurudisha matokeo utafanyika lini na kwa lugha gani. Majibu yaandikwe ndani ya barua hiyohiyo, yenye tarehe, kabla ya saini na muhuri.

Mambo yakiharibika, lalamiko linakwenda kulingana na kazi iliyoharibika. Kama ni huduma ya shirika, mlango ni kamati ya wilaya inayofuatilia mashirika. Kwa mkimbizi kuna pia viongozi wa baraza la wakimbizi, ofisi ya OPM ndani ya makazi, na laini ya simu ya bure ya UNHCR. Kama ni mwanafunzi aliyekukosea, mkuu wa kituo cha afya ndiye anayejua mwalimu wake. Kama ni utafiti, kwenye ile nakala uliyobaki nayo kuna namba ya mwenyekiti wa kamati ya maadili. Mpigie, au mwandikie, ukitaja jina la utafiti na namba ya kibali iliyo juu ya fomu. Akikaa kimya, nakala ya barua iende UNCST Kampala, ambako kibali cha utafiti kinaweza kusimamishwa au kufutwa.